Laiki Zisizo na Kibali

Kulikuwa na nchi ambayo jina lake halitatajwa hapa, kwa kuwa kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali hufungwa saa nne kwa ajili ya chai na hufunguliwa siku inayofuata. Inatosha kusema ilikuwa nchi njema. Ilikuwa na bendera, ilikuwa na wimbo, na ilikuwa na Wizara ya Viungo na Ukakamavu wa Taifa, iliyokaa katika jengo la ghorofa sita katikati ya mji mkuu. Jengo hilo lilikuwa na lifti moja. Lifti hiyo haikuwa mbovu. Tangazo lililobandikwa mlangoni pake kwa miaka kumi na mmoja lilisema wazi: LIFTI INAPUMZIKA KWA MUDA.

Masjala ya Wizara ilikuwa ghorofa ya sita, juu kabisa, na ndani yake alifanya kazi Radhia Mlanzi, karani wa mafaili. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na minne, mwenye sauti ya pole na kicheko cha ghafla kilichomshtua hata yeye mwenyewe. Kila asubuhi alipanda ngazi mia moja na nane. Kwa miaka mingi alizipanda kama watumishi wenzake walivyozipanda, yaani kwa kunung'unika na kwa kuchelewa. Halafu akaugua homa ya mapafu, akalazwa wiki tatu, na aliporudi kazini alihisi kwamba ngazi zimeongezwa akiwa hayupo. Siku ya kwanza alifika ngazi ya kumi na mbili, akakaa chini, akashika kifua, moyo unamgonga kama mtu anayetaka kufunguliwa mlango.

Daktari alikuwa amemwambia, "Fanya mazoezi, mama, la sivyo tutaonana tena hapa."

Hakumwambia aanzie wapi.

Mtu mwingine angeuliza majirani. Radhia alikuwa mtumishi wa umma, akafanya kama mtumishi wa umma: alifungua ukurasa wa Wizara mtandaoni. Ukurasa huo uliitwa Taifa Kakamavu, na kila siku ulirusha picha ya Waziri ameinua chuma kizito, pamoja na mawaidha kwa wanaoanza. Siku hiyo mawaidha yalisema: "Mwananchi anayeanza mazoezi ahakikishe ana dhamira, nidhamu, viatu maalumu, mizani ya kisasa na uzalendo. Wiki ya kwanza akimbie kilomita nane. Kwa ufafanuzi asome Mwongozo, Sura ya Nne hadi ya Kumi na Tisa." Chini yake palikuwa na laiki mia mbili na kumi na mbili. Ilikuwa hivyo kila siku, bila kupungua wala kuzidi, kwa sababu Wizara ilikuwa na watumishi mia mbili na kumi na wawili, na mtu haruhusiwi kusaini kitabu cha mahudhurio kabla ya kupenda posti ya Waziri. Mwaka uliotangulia dada wa mapokezi alipokwenda kujifungua, laiki zilishuka zikawa mia mbili na kumi na moja, na ukatolewa waraka.

Radhia alisoma mara mbili. Kilomita nane! Angekuwa na uwezo wa kukimbia kilomita nane, angekuwa anafanya nini amekaa kwenye ngazi ya kumi na mbili?

Akajitungia mpango wake. Leo kumi na mbili, apumzike. Kesho kumi na tatu, apumzike. Zilizobaki azimalize vyovyote vile, kwa kuketi, kwa kushika ukuta, kwa kumwomba Mungu. Siku ya nne alitoa simu, akaiegemeza kwenye ndoo nyekundu ya mchanga wa kuzimia moto, akajirekodi, kwa sababu mpaka hapo hakuna mtu aliyemwona akifaulu na jambo hilo lilikuwa linamuuma kidogo.

"Mimi naitwa Radhia," alisema kwenye video hiyo, akihema. "Nimetoka kuugua. Jana nimepanda ngazi kumi na nne bila kukaa, leo kumi na tano. Mnaniona nilivyo. Kama na wewe ndiyo unaanza, anza na tatu. Tatu tu. Ukichoka simama, wala usione haya. Kesho ongeza moja. Basi, sina la zaidi."

Akakohoa. Kisha akahangaika kuizima simu kwa sekunde tisa, na katika sekunde hizo pua yake ilijaa kioo chote.

*

Jioni ile aliiweka kwenye ukurasa wake mtandaoni, watu sita wakaitazama. Kesho yake walikuwa mia tisa. Wiki ilipokwisha, wafuasi wake walikuwa wengi kuliko watu wote waliojiandikisha kupiga kura nchini, ingawa bado hawakuwafikia waliopiga.

Radhia hakuelewa. Rafiki yake wa masjala, Hobokela, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea barua na kuzisahau, alimwambia, "Shoga, umefanya nini hasa? Mume wangu yule, mume wangu mimi, jana amepanda ngazi za nyumba mara mbili. Nikamuuliza unatafuta nini juu. Anasema hatafuti kitu."

"Sijafanya kitu. Nimechoka mbele za watu, basi."

Lakini kuna jambo alilifanya, na hakulihesabu kuwa jambo. Kila mtu aliyemwandikia, alimjibu. Saa ya chakula cha mchana alikaa kati ya mafaili, wali wake ukipoa, akijibu mmoja mmoja. Mwanamke mmoja aliuliza kama inafaa kupanda huku amebeba mtoto. Fundi cherehani aliuliza kama stuli inahesabika ngazi. Na siku ya tatu aliandika mzee mmoja: "Mimi ni Nasibu Kilua, dereva mstaafu wa treni. Nilipata kiharusi mwaka jana. Mguu wa kushoto haunisikilizi. Natembea na fimbo. Je, fimbo inaruhusiwa?"

Radhia alijibu: "Shikamoo mzee. Fimbo inakaribishwa sana. Panda moja, shuka moja. Kesho uniambie."

Kesho yake mzee akaandika: "Marahaba mwanangu. Nimepanda moja. Jasho limenitoka kama niliyesukuma behewa. Mke wangu amepiga vigelegele, majirani wakaja kuuliza tunamwoza nani."

Radhia alicheka kile kicheko chake cha ghafla, Hobokela akaangusha muhuri. Kisha machozi yakamlenga, akafungua faili lolote lililokuwa karibu, akajifanya analisoma.

*

Sasa ni lazima aelezwe Mheshimiwa Waziri, Dakta Dakta Ponsiano Ndimbwa. Aliitwa Dakta mara mbili kwa sababu alitunukiwa mara mbili, na asingependa mmoja wa waliomtunuku ajisikie vibaya. Ofisi yake nayo ilikuwa ghorofa ya sita, kwa kuwa hadhi ya ofisi hupimwa kwa urefu wake kutoka ardhini. Alifikaje huko? Kila asubuhi wanaume wanne wenye sare, wa Kikosi Maalumu cha Mwinuko, walimbeba juu kwenye kiti chenye mito ya mahameli, na kila jioni walimshusha. Na kwa kuwa lifti haikuwa mbovu, kiti hicho katika nyaraka zote kiliitwa lifti.

Mheshimiwa hakuchukia kwamba wananchi wanafanya mazoezi. Alichukia kwamba wanafanya bila yeye. Akaagiza Radhia aitwe.

"Wewe ndiye Radhia?"

"Ndiye, Mheshimiwa."

"Unafundisha mazoezi?"

"Sifundishi, Mheshimiwa. Nasimulia ninavyochoka."

"Serikali haichoki."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Sasa kwa nini unachoka ndani ya jengo la Serikali?"

Radhia alitazama zulia. Hilo swali, kwa kweli, lilikuwa gumu.

"Halafu," alisema Waziri, akiinua simu yake, "unaonekana unapanda ngazi. Mtu wa nje akiona atadhani hatuna lifti."

"Naomba radhi, Mheshimiwa. Nitasema kwamba inapumzika."

"Usiseme lolote! Itaundwa Tume."

*

Tume ya Kuchunguza Kupendwa Kusikoidhinishwa ilikuwa na wajumbe watano chini ya uenyekiti wa Profesa Shomvi, bingwa wa takwimu aliyekuwa na masikio makubwa na asiyeyatumia. Ilifanya vikao vyake ghorofa ya chini, kwa sababu wajumbe walipojaribu kwenda kuona mahali pa tukio, wawili walirudishwa kwenye machela. Radhia aliitwa kama shahidi namba moja. Hapakuwa na shahidi namba mbili.

"Nani yuko nyuma yako?" aliuliza Profesa.

"Nyuma yangu?" Radhia alifikiri. "Kwenye video nyuma yangu ni ukuta, Profesa. Mbele ndiyo kuna ndoo."

"Ndoo ya nani?"

"Ya mchanga. Ya moto."

"Iandikwe," alisema Profesa kwa sauti nzito, "kuna ndoo. Enhe. Katika hotuba yako hukutaja dhamira, hukutaja nidhamu wala uzalendo. Kwa nini?"

"Nilikuwa nahema."

"Ulimwambia mwananchi aanze na ngazi tatu. Utafiti gani unaonyesha tatu?"

"Hakuna, Profesa. Niliona mbili ni chache, nne zinatisha."

Wajumbe walinong'onezana. Profesa akavua miwani.

"Na hili la kuwajibu watu. Raia akiandika, wewe unamjibu. Wa pili akiandika, unamjibu. Tueleze, bila kuficha: unawajibu kwa nini?"

"Kwa sababu wameuliza."

Mwandishi wa kikao akasimamisha kalamu, akamtazama Mwenyekiti. Hatimaye ikaandikwa: Shahidi alikataa kutoa sababu ya msingi.

Taarifa ya Tume ilikuwa na kurasa mia tatu na tano, na kiini chake kilikuwa kwenye jedwali la mwisho. Mafanikio ya posti ile yalitokana na ndoo kwa asilimia arobaini na moja, kikohozi asilimia thelathini na tatu, na pua asilimia kumi na tisa. Asilimia saba zilizobaki ziliachiwa hali ya hewa.

Mheshimiwa aliposoma jedwali hilo, aliinuka kitini kwa furaha. Kumbe ni hivyo tu!

Ndoo ilichukuliwa, ikapakwa rangi upya, ikawekewa nembo ya Taifa. Mwalimu wa maigizo akaja siku tatu kumfundisha Waziri kukohoa. Siku ya nne Kikosi Maalumu cha Mwinuko kikambeba hadi ngazi ya kumi na tano, kikamshusha pale, kikajificha, naye akaisogelea kamera mpaka pua ikajaa kama ilivyoelekezwa. "Ndugu wananchi mnaoanza," alinguruma, "mimi pia niliwahi kuanza! Nilianza nikiwa na umri wa miaka minne, na nikamaliza siku hiyo hiyo!" Akaendelea kwa dakika arobaini. Alieleza asili ya ukakamavu, maadui wa ukakamavu na wapi walipo. Akakohoa kwa ustadi mkubwa. Sehemu ya maoni ilifungwa ili kulinda usalama wa maoni.

Posti hiyo ilipata laiki mia mbili na kumi na tatu. Wizara ikashangilia ile moja ya ziada. Ilipofuatiliwa, ikagundulika ni ya mkulima mmoja wa mbali ambaye kidole kilimteleza, na aliomba msamaha.

*

Hapo ndipo ilipotoka Amri ya Kuanza. Kuanzia siku hiyo, hakuna raia atakayeanza mazoezi ya aina yoyote bila Leseni ya Mwanzo, na leseni hiyo itatolewa kwa mwombaji mwenye uzoefu wa mazoezi usiopungua miaka mitatu. Mtu mmoja alithubutu kuuliza redioni mwenye uzoefu wa miaka mitatu anaanza nini. Aliambiwa swali lake ni zuri, na kipindi kikaisha.

Radhia yeye alipandishwa cheo. Aliitwa tena mbele ya Waziri akakabidhiwa barua: kuanzia leo ni Mkurugenzi wa Mianzo. Ukurasa wake utakuwa chini ya uangalizi wa Wizara. Atasoma maneno atakayoandikiwa, hatajibu mtu, na ofisi yake itakuwa ghorofa ya chini, karibu na mlango, kwa maana Mkurugenzi kuonekana anapanda ngazi ni kujishusha.

"Nikikataa, Mheshimiwa?"

"Hakuna anayekataa kupandishwa. Anayekataa kupandishwa hushushwa mpaka nje."

Radhia aliirudia barua ile koridoni mara tatu. Dawa zake za mapafu alizipata kwa bima ya kazi. Pasipo kazi, hapakuwa na dawa. Hilo alilielewa upesi. Lililomchukua muda ni jingine. Juma lile alikuwa amefika ghorofa ya tano bila kukaa hata mara moja. Ilibaki moja tu. Kila siku usingizini aliziona ngazi kumi na nane za mwisho, akijua ni lini atazimaliza: Ijumaa, akijaliwa. Na sasa amekatazwa na Serikali kupanda ngazi kwa sababu amezipanda vizuri mno.

Akasaini. Wewe ungefanyaje?

Ofisi mpya ilikuwa na kiti cha kuzunguka na bendera ndogo. Simu yake ilikuwa bado inapokea maoni ya watu, ila kitufe cha kujibu kilikuwa kimeondolewa na mafundi. Siku ya pili aliandika Mzee Kilua: "Mwanangu, nimefika ngazi thelathini. Mguu umeanza kunisikia kidogo. Niendelee, au nisubiri leseni?" Baadaye akaandika tena: "Upo, mwanangu?" Radhia aliigeuza simu kifudifudi juu ya meza, akazunguka na kile kiti mpaka akatazamana na ukuta.

Alhamisi wakampaka poda, wakamkalisha mbele ya pazia, wakampa karatasi. Alisoma kama alivyoelekezwa. "Mwananchi! Ukakamavu ni wajibu wako wa msingi. Epuka mianzo holela!" Nusu dakika tu, video nzuri, mwanga mzuri, hakuna ndoo wala pua.

Maoni yalianza kumiminika kabla hajafuta poda.

"Huyu si Radhia."

"Ni yeye, lakini wamemfanya nini?"

"Mbona hahemi?"

Na mmoja akaandika: "Tazameni mwishoni. Amekohoa mara mbili. Hiyo ni ishara. Radhia ametekwa!"

Ilikuwa kweli amekohoa mara mbili. Poda ilimwingia puani. Lakini baada ya saa moja nchi nzima ilikuwa na habari kwamba Radhia Mlanzi amefungiwa ghorofa ya sita ya Wizara, na kwamba lifti, kama kila mtu alivyojua sasa, haipo.

*

Ijumaa saa tatu asubuhi watu walikuja. Hawakuja na mawe. Walikuja na chupa za maji, raba za kuazima, taulo shingoni, fimbo, na mama mmoja alikuja na kigoda chake cha kupumzikia. Mlinzi wa getini aliwauliza wana miadi na nani. Wakasema na Radhia. Akawaandika kwenye daftari watu arobaini wa kwanza, kalamu ikaisha wino, akawaacha wapite.

Wakapita mlango ulioandikwa MKURUGENZI WA MIANZO bila kuutazama, wakaanza kupanda.

Ndani ya mlango huo Radhia alisikia vishindo. Kisha akasikia kitu alichokijua: pumzi za watu wengi, na sauti zikiambizana, "Pole pole... umechoka? Simama basi... hakuna haya." Alifungua mlango akaona migongo tu.

"Jamani!" aliita. "Mimi niko huku!"

Hakuna aliyesikia. Watu waliokuja kumwokoa walikuwa wanamwacha nyuma. Radhia alitazama kile kiti cha kuzunguka, akatazama ngazi. Akavua viatu vya visigino virefu alivyopewa pamoja na cheo, akawafuata peku.

Juu kidogo, Polisi walikuwa wameshapewa amri ya kuziba ngazi. Askari arobaini, na Kamanda mbele, walizipanda mbio kutoka mlango wa nyuma ili wawawahi watu. Walifika ghorofa ya pili. Hapo ndipo umati ulipowakuta, wameegemea ukuta safu nzima, kofia mkononi, nyuso zimepauka.

"Mko... chini ya... ulinzi," alisema Kamanda.

"Sawa, baba," alisema yule mama wa kigoda. "Lakini vuta pumzi kwanza. Kwa pua. Itoe kwa mdomo. Keti hapa nilipokuwa nimeketi mimi. Ulianza kwa mbio, sivyo? Wote mnakosea hapo."

Kamanda akaketi. Kitabu chake cha taarifa cha siku hiyo kina watu arobaini na mmoja waliokamatwa kwa kuanza mazoezi bila leseni, na jina la kwanza ni lake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli.

Kwenye kona ya ngazi ya ghorofa hiyo hiyo Radhia alimkuta mzee mrefu aliyeshika fimbo kwa mkono wa kulia na chuma cha ngazi kwa mkono wa kushoto, anatetemeka mguu mmoja, na hakubali kushikwa na mtu.

"Shikamoo. Wewe ni Mzee Kilua?"

"Marahaba. Ndiye mimi. Na wewe nani, mwanangu? Miwani nimeiacha."

"Mimi ni Radhia."

"Radhia amefungwa juu," alisema mzee kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Tunakwenda kumtoa."

"Ni mimi, mzee. Sikufungwa juu. Nilikuwa chini."

Mzee akamsogezea uso, akamtazama kwa karibu sana, pua kwa pua. Akamtambua.

"Kwa nini hukunijibu?"

Radhia alikuwa na maelezo ya kutosha: barua, bima, mafundi, kitufe. Hakutoa hata moja. "Nilikukosea," alisema. "Uendelee, mzee. Ndiyo jibu. Ungeendelea bila leseni."

"Nimeendelea. Hizi ni thelathini na sita. Sasa hapa nakaa, zinatosha kwa leo." Akaketi. "Wewe nenda. Unahema vizuri."

Akaenda. Tatu, nne, tano. Ghorofa ya tano alitaka kukaa, kwa nguvu zote za mwili alitaka kukaa, na watu waliokuwa wamepumzika pale walimtambua mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyepiga makofi. Walimpisha tu. Ngazi kumi na nane zilizobaki alizipanda akiwa hajui tena kama anahema au analia, na alipoweka mguu wa pili juu ya sakafu ya ghorofa ya sita, Hobokela, aliyekuwa mlangoni mwa masjala akiwaambia watu mia kwamba Radhia hayupo, alipiga kigelegele kimoja ambacho watu wa chini walisema waliusikia mjengo ukikiitikia.

Basi. Watu walimwona ni mzima, wakamshika mkono, wakamuuliza kama amekunywa maji. Kisha wakashuka kwenda kazini, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa na siku ya kazi.

*

Alibaki mtu mmoja ghorofani.

Kikosi Maalumu cha Mwinuko kilipoona umati kilishuka kwa mlango wa nyuma, kikiwa kimebeba kiti chake kama desturi, na hakikugundua ni chepesi mpaka kilipofika uwanjani. Mheshimiwa Dakta Dakta alikuwa amesimama juu ya ngazi, suti nzima, mkono umeshika ukuta. Kwa miaka minane ya uwaziri hakuwa amezipanda wala kuzishuka kwa miguu yake. Radhia alipotoka masjala na mkoba wake, alimkuta hapo anatazama chini kama mtu anayetazama kisima.

"Bi Radhia," alisema, bila ngurumo. "Kikosi kitarudi lini?"

"Sidhani kama kitarudi, Mheshimiwa. Nimewaona wanakimbia."

Akachungulia tena chini. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, akiwa hamtazami, "Hivi mtu... huwa anaanzaje?"

"Ngazi tatu. Shika chuma. Mguu huu kwanza."

Ghorofa ya tano walipumzika mara nne. Ghorofa ya nne koti likavuliwa, ya tatu tai. Ghorofa ya pili walimkuta Mzee Kilua bado amekaa, anasubiri mguu upoe, na Waziri akaketi kando yake kwa kishindo, bila mto.

"Umefika hapa peke yako?" alimuuliza, akiitazama fimbo.

"Miezi miwili. Nilianza na moja."

"Nani alikuamuru?"

"Hakuna aliyeniamuru," alisema mzee. "Niliuliza, nikajibiwa."

Mheshimiwa aliyasugua magoti yake. Kisha akatoa simu na, kwa mara ya kwanza tangu ukurasa wa Taifa Kakamavu uanzishwe, akaandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, pasipo mwandishi wa hotuba: "Nimeshuka ghorofa nne kwa miguu yangu. Magoti yananiuma. Zimebaki mbili, nami ninaziogopa." Akaituma, akasahau kufunga sehemu ya maoni.

Simu ikaanza kutetemeka, haikuacha. Laiki mia mbili na kumi na mbili zilipita ndani ya dakika. Zikafika elfu, zikafika makumi ya maelfu. "Pole sana Mheshimiwa, pumzika." "Shuka kinyumenyume, magoti hayaumi." "Hata mimi naogopa za kwetu." Aliyasoma maoni hayo akisogeza midomo kama mtoto wa darasa la kwanza, na uso wake ukawa na sura ambayo haijawahi kuonekana kwenye picha yoyote rasmi.

Kisha simu ikalia. Ilikuwa Ikulu. Alisimama ili kuipokea, na akaisikiliza akiwa amesimama.

"Wamesema nini?" aliuliza Radhia.

"Wamesema Serikali haiogopi ngazi. Wamenifuta kazi." Akaitia simu mfukoni. "Amri ya Kuanza nayo imefutwa, kwa kuwa imegundulika hakuna hata mtu mmoja aliyekidhi vigezo. Na wewe, Bi Radhia, unavuliwa Ukurugenzi. Unarudishwa masjala, ghorofa ya sita, upande kila siku mpaka ujutie."

"Nimepokea adhabu," alisema Radhia, na kicheko chake kikamtoka ghafla, kikagonga kuta zote mbili.

Uwanjani walisikia gari la Waziri likiwashwa. Lilikuwa gari la Waziri, na hapa hapakuwa tena na Waziri. Likaondoka. Yule mtu akalisikiliza mpaka likapotea, akazitazama ngazi thelathini na sita zilizobaki, akakamata chuma kwa mikono yote miwili.

"Ndugu Ponsiano," alisema Radhia, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwita hivyo ndani ya jengo lile, "miguu inasemaje?"

"Inatetemeka."

"Basi tukae kidogo."

Wakakaa.